Sekunde Arobaini Nyuma ya Gitaa la Baba

Mpendwa Mama Lydia, shikamoo.

Nimefunga mlango wa duka saa saba mchana, siku ya soko, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa marehemu mume wangu, na kila anayegonga namwambia umeme umekatika, kumbe umeme upo na kompyuta inawaka hapa mbele yangu, naomba msaada wako mama kwa sababu ninaogopa, ninaogopa hata kuizima.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mitano, naishi Majengo hapa Sumbawanga, na kazi yangu ni picha na video, yaani napiga picha za pasipoti, nasafisha picha za zamani, na zaidi nakata video za harusi na kipaimara, namtoa mjomba aliyelewa, namtoa bibi harusi anapopenga kamasi, nabakiza vigelegele, na watu wananisifu kwamba mkono wangu ni safi, ukiangalia huwezi kujua palipokatwa. Kwetu ni pembeni ya Chala. Kigango chetu kinatimiza miaka hamsini mwaka huu, sherehe ni Jumapili ya wiki tatu zijazo, na mimi nimo kwenye kamati.

Mwaka jana mafundi walipokuwa wanabadilisha bati za stoo ya kigango walikuta kopo la biskuti limeliwa na kutu, ndani mna utepe wa filamu uliokuwa wa Bruda mmoja wa Kizungu, marehemu sasa, ambaye enzi hizo alikuwa anatunza jenereta ya misheni na alikuwa na kamera ndogo ya mkono ambayo hakuiacha nyumbani hata akienda kukagua bomba la maji, na juu ya kifuniko ameandika kwa mkono wake: Chala, Agosti 1981. Padre Flavian akaupeleka Dar es Salaam kwa watu wanaojua kuhamisha filamu za zamani, ukarudi kwenye flashi, akanikabidhi mimi mbele ya kamati yote akisema, "Mama, wewe ndiye mtaalamu wetu, itengeneze vizuri tuionyeshe ukutani siku ya jubilei, na utoe picha kubwa kumi za kubandika." Hakuna mwingine aliyeiona, hata Padre mwenyewe alitazama dakika moja akaitwa kwa mgonjwa.

Filamu ni ya lile tamasha la bendi ya Ngurumo za Mbizi. Wewe huwezi kuwajua, walikuwa wanaume wanne wa kwetu pamoja na mwimbaji mmoja kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, walipiga roki, si dansi, roki ya magitaa yanayolia mpaka meno yanauma, waliyojifunza kwa kusikiliza redio za Zambia, na maishani mwao walifanya tamasha moja tu kubwa kabla nyuzi na betri na kila kitu hakijaadimika, na aliyepiga gitaa la besi alikuwa baba yangu mzazi, Zenon. Filamu haina sauti, ina dakika kumi na moja. Baba yumo amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, nywele zimemzunguka kichwa, kijana kuliko mwanangu wa kwanza, anajiuma mdomo anapopiga, kisha anacheka. Amekufa miaka sita iliyopita na sikuwa na picha yake hata moja akicheka. Nililia kwa furaha mama, nikatoa picha moja nikaituma kwenye kundi la familia, na kaka yangu Fabiani akajibu, "Mzee alikuwa mkali aisee," tukacheka sana siku hiyo.

Kesho yake nikaanza kuchagua zile picha kumi, nikapunguza mwendo, nikawa naangalia moja moja kama ninavyofanya na harusi, na kazi yetu hii ukiizoea humtazami tena aliye mbele, unatazama nyuma yake kuna nini cha kutoa. Mama Lydia, nyuma ya gitaa la baba kuna ua wa minyaa umeota vizuri, umefika kifuani mwa mtu, na nyuma ya minyaa kuna zizi, pembe za ng'ombe zinaonekana, na nyumba ya nyasi inafuka moshi. Lile jukwaa walilosimama ni mikokoteni miwili ya ng'ombe imesogezwa pamoja ikatandikwa mbao, na pale kwetu mwenye mikokoteni alikuwa mtu mmoja tu, Bundala, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Naye yumo. Amechuchumaa chini, ameegemeza bega kwenye gurudumu ili jukwaa lisitembee mpiga ngoma anapopiga, anamtazama baba yangu na anacheka.

Dakika ya saba Bruda anageuza kamera kwa wanaocheza. Hapo kuna rundo dogo la mawe limezungushiwa matawi ya miiba, na mke wa Bundala, Minza, amesimama kando na fimbo nyembamba anawasogeza vijana wasilikanyage. Kuna msichana wa miaka kumi na moja, amevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwiko, anaruka ruka kinyumenyume na kisigino chake kinagonga mawe. Minza anamshika mkono, taratibu, kama mama anavyomshika mtoto, anamwinamia anamwambia kitu, msichana anatazama mawe, kisha anaondoka. Ni sekunde arobaini. Msichana yule ni mimi, na nilikuwa nimesahau kabisa.

Sasa ujue kwa nini naogopa. Miaka kumi na moja iliyopita, lami ilipopita na kila mtu akaanza kutaka kiwanja, baba alimfungulia Bundala kesi kwenye baraza la ardhi, akasema yule ni mgeni aliyekuja mwaka tisini na moja akaomba mahali pa kulishia, akapewa kwa huruma, na sasa amegoma kuondoka. Bundala akasema yuko pale tangu enzi za Mwalimu, akasema, "Mimi nimezika mtoto pale. Hakuna mtu anazika mtoto mahali alipoazimwa." Baba akacheka, akasema yale ni mawe ya shamba tu, "Muulizeni binti yangu huyu, ndiye aliyeyakusanya." Nikaitwa. Baba alikuwa ameniambia jana yake la kusema, nami nikashika Biblia kwa mkono wa kulia nikasema kwamba nikiwa darasa la tano niliyakusanya yale mawe kwa mikono yangu tulipokuwa tunasafisha shamba la ulezi. Wazee wa kijiji wakaulizwa mwaka aliofika, na kijiji kizima kikashikwa na usahaulifu siku moja. Bundala hakunitukana. Alinitazama akasema, "Sawa mama. Mungu anayajua yale mawe." Wakapewa siku thelathini, wakashuka bondeni Mtowisa na ng'ombe wao kwenye joto lile, Minza hakumaliza mwaka, akafa, wakamzika huko huko.

Mawe yenyewe yaliingia kwenye msingi wa nyumba ya Fabiani. Pale yalipokuwa pamebaki uwanja mgumu, safi, na ndipo kila mwaka tunapopuria ulezi wetu. Uji wake nimekunywa mimi na watoto wangu.

Mwezi uliopita, kabla flashi haijanifikia, aliingia dukani mwanamume mmoja ana vumbi la bondeni mpaka kwenye kope, akatoa picha ndogo ya kitambulisho ya mzee mmoja akaniomba niikuze, niisafishe, niitie fremu. Sisi wa kazi hii tunajua, mtu akija kukuza picha ya mzazi kwa haraka maana yake ni nini. Nikaitazama, alikuwa Bundala. Huyu alikuwa mwanawe, Shija. Sijui kama alinitambua, mimi nilimuuliza tu mzee anaendeleaje, akasema, "Hali tena chakula, mama. Anataja Chala tu. Anasema tumpeleke akalale kwa mtoto wake. Mimi namwambia baba, pale si kwetu tena." Nikamfanyia ile picha bure, akanishukuru sana, akaniombea baraka, akaondoka, nami nikaingia chumba cha nyuma nikakaa juu ya ndoo mpaka miguu ikafa ganzi.

Juzi nimekata, Mama Lydia. Sijamwambia mtu. Nimetoa zile sekunde arobaini, na pale penye baba nimeivuta picha karibu ili minyaa na zizi visionekane, anaonekana yeye na gitaa lake tu. Sasa flashi ina faili mbili. Nimeitazama ile iliyokatwa mara nyingi nikitafuta kovu na hakuna kovu, baba anapiga, watu wanacheza, baba anapiga, imetulia kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Tangu juzi chakula hakipiti.

Nikiionyesha nzima, wazee watamwona Bundala na mikokoteni yake na mwaka umeandikwa kwenye kopo. Naogopa jela kwa kile kiapo. Namwogopa Fabiani, ameuza viwanja pale, watu saba wamejenga na wanalala ndani na watoto wao, na alishasema zamani kwamba atakayefufua maneno ya Msukuma yeye hamjui, hata kama wamenyonya ziwa moja. Nawaogopa watoto wa Bundala. Namwogopa hata baba, najua amekufa, lakini kuna mahali kwenye filamu anainua macho ananitazama mimi, na sielewi ananiambia sema au nyamaza. Na mimi ni mwenyekiti wa wanawake pale kigangoni, siku ya jubilei nimepangiwa kusoma somo la kwanza.

Naomba uniambie, je, ni dhambi kukata kitu ambacho hakuna aliyekiona? Baba alishakufa, Minza alishakufa, mzee naye yuko njiani, si afadhali filamu ibaki ya muziki tu, watu wafurahi siku yao? Tafadhali usitaje jina langu wala jina la kigango.

Mwenye hofu,
Majengo, Sumbawanga.


JIBU LA MAMA LYDIA

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika, ya tatu nikaenda kuchemsha chai, nilipoiacha ikapoa ndipo nikashika kalamu. Humu utakuta huruma na hasira, usichague moja ukaacha nyingine.

Pole kwanza. Kumpata baba yako akicheka baada ya miaka sita ya kaburi, halafu kesho yake kumkuta kwenye ushahidi dhidi yake mwenyewe, si jambo dogo, na baba anayemfundisha mwanawe la kusema mbele ya Biblia amemtendea mwanawe ubaya. Ulikuwa na miaka arobaini na minne siku ile, lakini najua kwamba mbele ya baba zetu wengi wetu tunabaki na miaka tisa. Hilo nakuelewa. Kukusamehe ni jambo lingine, na mwenye mamlaka hayo si mimi, yuko Mtowisa na chakula hakipiti kwake pia.

Unaniuliza kama ni dhambi kukata kitu ambacho hakuna aliyekiona. Hakuna aliyekiona? Bundala alikiona, alikichimba kwa jembe lake. Minza alikiona mpaka akakizungushia miiba. Kijiji chako chote kilikiona, kilicheza muziki pembeni yake siku nzima, kisha kikaulizwa mwaka kikaanza kuhesabu vidole. Wazee wale nao wana la kujibu, na ningekuwa na anuani zao ningewaandikia kila mmoja barua yake. Lakini aliyeniandikia ni wewe.

Na usinifundishe kazi yako vibaya. Mjomba mlevi unamtoa kwenye harusi ili yeye mwenyewe asije akaona haya. Hapa umemtoa asiye na kosa ili wenye kosa wasione haya. Mkono ni ule ule, na kompyuta ni ile ile, lakini mwenzangu, hiyo si kazi ile.

Twende kwenye hofu zako, maana umenipa kapu zima. Kiapo cha uongo ni kosa kweli, sitakudanganya ili ulale usingizi. Kwa hiyo mtafute wakili, au wale wasaidizi wa sheria wanaosaidia watu bure, umweleze yote kabla hujaitwa na mtu, kwa sababu anayekwenda mwenyewe hasikilizwi kama aliyekamatwa. Huyo ndiye atakayekuambia kesi ile inaweza kufunguliwa tena kwa njia gani, muda umepita kiasi gani na sababu gani inakubaliwa. Mimi ni mshauri wa gazeti, sheria yangu inaishia kwenye meza hii. Wale saba waliojenga hawana hatia na wala si wewe wa kuwabomolea, hilo litaamuliwa na wenye kazi hiyo. Ila kuanzia leo asiuze mtu hata hatua moja ya ardhi ile, na ule uwanja wa ulezi ni urithi wenu wewe na Fabiani, si wake peke yake. Umeuogopa mdomo wake mpaka umesahau kwamba una haki ya kusema hapana.

Unawaogopa watoto wa Bundala. Mwanangu, Sumbawanga ina maduka mangapi ya picha? Ukishuka stendi unayapita mangapi kabla hujafika Majengo kwako? Mimi nadhani Shija alikutambua tangu mlangoni. Nadhani alikuletea sura ya baba yake uishike mkononi, aone utafanya nini. Ukampa karatasi bure. Akakuombea baraka. Huyo ndiye unayemwogopa.

Na baba yako hakutazami wewe. Anatazama kamera ya Bruda, kama anavyotazama kila mtu anayepigwa picha. Usimbebeshe marehemu kazi ya kuamua kwa niaba yako, alishakuamulia mara moja na unaona tulipofika.

Sasa niseme jambo ambalo wasomaji wanajiuliza tayari. Umeniomba nisitaje jina lako, sijalitaja. Umeniomba nisitaje kigango, sijakitaja. Lakini kopo la biskuti lenye filamu ya roki lililokutwa stooni pembeni ya Chala ni moja tu, na aliyekabidhiwa ni mmoja tu, mbele ya kamati. Anayetaka kuficha jambo hamwandikii mtu wa gazeti. Kwa hiyo Jumanne nilikupigia simu nikakuuliza kama unaelewa kwamba barua hii ikichapwa hata mtoto wa shule atajua ni nani. Kisha nikakuuliza swali lingine, nakumbuka na wewe unakumbuka. Nikakuuliza, filamu yenu haina sauti, Minza alikuambia nini pale? Hukufikiri hata kidogo. Ulisema, "Aliniambia, mwenzako amelala hapa, mama, kachezee kule." Halafu ukaanza kulia, kwa sababu umetoka kuniandikia kwamba ulikuwa umesahau kabisa.

Baadaye ukasema, "Chapa, Mama Lydia. Ila nipe mpaka Ijumaa." Nimekupa mpaka Ijumaa, siku gazeti linapofika kwenu, na leo ni Ijumaa. Natumaini unasoma haya ukiwa umesharudi kutoka bondeni, na kama bado umekaa Majengo umefunga mlango, basi fungua mlango, na fanya hivi.

Ile faili iliyokatwa ifute. Usiiweke kando eti ya akiba, ifute. Ile nzima itoe nakala tatu, moja mpe wakili, moja mpe Padre Flavian mkononi ukiwa umekaa mbele yake na si kwa kumtumia, na moja beba. Kopo lenye maandishi ya Bruda alitunze Padre, lisipite mikononi mwa mtu wa familia yenu, hata wewe. Jambo la kuionyesha ukutani Jumapili ya jubilei, wewe umekuwa ukijiuliza uionyeshe nzima au nusu, hukujiuliza kama unaruhusiwa. Kaburi lile lina wenyewe. Haliwekwi ukutani watu wakilitazama na soda mkononi kabla wenyewe hawajaulizwa. Wakikataa, jubilei itakuwa na kwaya, na kwaya inatosha. Somo la kwanza asome mwingine mwaka huu, wala usitoe sababu ndefu.

Fabiani mwambie, lakini mwambie ukiwa umerudi. Ukimwambia kabla hutafika, nakujua sasa. Atakuita msaliti, atasema umemvua nguo baba. Mjibu kwamba nguo ile baba hakuwahi kuwa nayo, kisha uondoke, usikae kubishana. Akikususa miaka miwili, vumilia hiyo miaka miwili. Wenzako wamevumilia kumi na moja kwenye joto la Mtowisa.

Gari la kwenda bondeni lipande asubuhi na mapema, barabara ile ni mbaya na mvua ikinyesha hupiti. Usiende na sukari na sabuni kana kwamba unakwenda kumwona mgonjwa tu. Ukifika watakukaribisha, watakuletea kigoda na maji, maana ndivyo walivyo. Usinywe kwanza. Ukinywa tu utaona haya, utaanza kuulizia mvua na bei ya mpunga, na jua litazama hujasema. Mwinamie mzee pale alipolala, umwambie jina lako na la baba yako, kisha useme, "Yale mawe sikuyakusanya mimi. Nilisema uongo. Mtoto wako yuko pale, na nafasi yako iko pembeni yake." Usiongeze kwamba baba alikutuma. Hilo ni kweli, ila siku hiyo si ya ukweli huo.

Huenda akakutazama kama siku ile barazani. Kaa hapo hapo mpaka Shija akuambie inuka.

Na kama utakuta ameshatangulia, usigeuke kurudi. Ingia, kaa chini pamoja na wafiwa, yaseme maneno hayo hayo kwa sauti kila mtu asikie, kisha waombe wakuruhusu, wakikubali, gari utakalolikodi wewe ndilo limpandishe Chala.